Fanksheni Moja, Majibu Mawili: Kutoka Dukani kwa Mangi Hadi Kwenye Mkeka wa Matokeo

Sisi wa Elimu tunaochukua Hisabati na Kompyuta kama masomo ya kufundishia tuna ubishi mmoja usioisha bwenini. Kidato cha Tatu tulifundishwa kwamba fanksheni ni uhusiano ambao kila unachokiingiza kina jibu moja tu. Ukiweka 3 ndani ya f, inatoka namba moja. Zikitoka mbili, mwalimu anachora mstari wima kwenye grafu, unakata mahali pawili, anakwambia hiyo si fanksheni, futa. Halafu unafika chuo, mwaka wa kwanza, mhadhiri anaandika ubaoni fanksheni ya Python inayorudisha vitu viwili kwa mkupuo, na hakuna anayeshtuka. Sasa tumwamini nani?

Makala hii ni jibu langu kwa ubishi huo. Nimewaandikia wenzangu watakaokwenda kufundisha somo hili, lakini hata wewe wa Kiswahili na Historia ambaye hujawahi kuandika programu, usifunue ukurasa haraka. Tutafika kwenye alama za wanafunzi wako, na hapo hakuna wa sayansi wala wa sanaa.

Kwa kifupi ni hivi. Kurudisha vitu viwili ni jambo jepesi, na karibu kila lugha ya programu ina njia yake ya kufanya hivyo. Kazi ngumu ni kuhakikisha anayepokea anajua kipi ni kipi, na zaidi ya yote, anajua pale ambapo jibu halipo kabisa.

Mtoto aliyetumwa dukani

Fanksheni katika programu ni kipande cha maelekezo chenye jina. Unakiita kwa jina lake, unakipa vitu vya kufanyia kazi, kinakwenda, kinafanya, kinarudi na kitu. Huku Old Moshi, na naamini hata kwenu, mfano wake mzuri ni mtoto anayetumwa dukani. Bibi anaita: "Mjukuu wangu, shika hii elfu tano, nenda kwa Mangi kaniletee sukari kilo moja." (Neno Mangi nalo limesafiri. Hapa Old Moshi Mangi alikuwa mtawala, watu kama Rindi na mwanawe Meli. Leo ukienda hata Dar, Mangi ni mwenye duka la mtaani.) Elfu tano na maneno "sukari kilo moja" ndivyo vinavyoingia kwenye fanksheni.

Mtoto anarudi na nini? Anarudi na sukari, na anarudi na chenji. Akiwa msikivu anarudi na ujumbe vilevile: "Bibi, Mangi amesema unga atauleta kesho." Hakuna bibi anayemtuma mtoto mara ya kwanza alete sukari, kisha amtume tena akalete chenji ya sukari ileile. Vitu vimezaliwa na safari moja, basi virudi kwa safari moja. Hii ndiyo sababu ya kwanza ya kutaka fanksheni irudishe vitu zaidi ya kimoja: hesabu imeshafanyika, majibu yote yako mkononi, kwa nini uirudie?

Na ubishi wetu wa bwenini unaishia hapohapo. Mtoto ni mmoja, safari ni moja, na mfuko aliorudi nao ni mmoja. Kwamba ndani ya mfuko kuna vitu viwili ni habari nyingine. Wanahisabati wanalijua hili siku zote: nukta ya (3, 7) kwenye grafu ina namba mbili lakini ni nukta moja. Fanksheni ikitoa jozi, imetoa jibu moja ambalo ni jozi. Mwalimu wa Kidato cha Tatu hakutudanganya, na mhadhiri naye yuko sahihi.

Baki tulilolijua tangu shule ya msingi

Kama unadhani kurudisha majibu mawili ni mambo ya wataalamu, kumbuka hesabu ya kugawanya shule ya msingi. 47 gawanya kwa 6, unajibu "7 baki 5". Ukiandika 7 peke yake, hupati alama zote. Kugawanya kwa namba nzima kunatoa vitu viwili, na mtoto wa miaka tisa anavirudisha vyote bila kuomba msaada.

Tuichukue hesabu hiyo tuipeleke kwenye kahawa, zao la mlima huu. Gunia la kahawa inayouzwa nje huhesabiwa kwa kilo 60. Tuseme kikundi cha wakulima kina kilo 1,000 za kahawa safi. Ni magunia mangapi kamili, na kilo ngapi zinabaki? Kwa Python unaandika hivi:

def gawa_magunia(kilo):
    magunia = kilo // 60
    baki = kilo % 60
    return magunia, baki

magunia, baki = gawa_magunia(1000)

Alama ya // inagawanya na kuchukua namba nzima tu. Alama ya % inachukua baki. Mstari wa return ndio mtoto anaporudi nyumbani: ameshika vitu viwili vilivyotenganishwa kwa koma. Mstari wa mwisho ni bibi anayepokea kwa mikono miwili: mkono wa kwanza unaitwa magunia, wa pili unaitwa baki. Utapata 16 na 40, kwa sababu 16 mara 60 ni 960, na 40 zinabaki.

Hesabu hii inahitajika mara nyingi mpaka Python imeiweka tayari. Ukiandika divmod(1000, 60) inakupa (16, 40) bila wewe kutunga chochote. Angalia hayo mabano: yale ndiyo mfuko. Python inachukua vitu viwili, inavifunga kwenye kifurushi kinachoitwa tupli, inarudisha kifurushi kimoja, na wewe unakifungua unapokipokea. Kwa hiyo hata Python, tunayosema inarudisha vitu viwili, kiundani inarudisha kimoja.

Lugha tofauti, mifuko tofauti

Lugha ya C, aliyoitengeneza Dennis Ritchie pale Bell Labs, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970, ni kali zaidi. Fanksheni yake inarudisha thamani moja, basi. Waliotaka mbili walitafuta njia, na njia kubwa zilikuwa mbili.

Ya kwanza ni kutengeneza kasha lenye vyumba. C inaliita strakti. Fanksheni ya div ya C inagawanya na kurudisha kasha lenye vyumba viwili, kimoja cha jibu na kingine cha baki. Kasha ni moja, sheria haijavunjwa.

Ya pili ni kuelekeza mahali. Ni kama bibi kumwambia mtoto: "Sukari imimine kwenye kopo la bluu, chenji iweke chini ya kitambaa cha meza." Mtoto anaporudi hampi bibi vitu mkononi. Anakwenda kuviweka alipoelekezwa, kisha anasema "tayari". Ndivyo inavyofanya scanf, fanksheni ya C ya kusoma alichoandika mtumiaji. Unaipa anwani za mahali pa kuweka namba, inazijaza huko, na yenyewe inarudisha idadi ya vitu ilivyofanikiwa kusoma. Njia hii inafanya kazi, ila anayesoma msimbo wako inabidi aangalie kwa makini ajue kipi kinaingia na kipi kinatoka, maana vyote vimepangwa kwenye mabano yaleyale.

Lua, lugha iliyozaliwa Rio de Janeiro mwaka 1993, yenyewe inarudisha vitu vingi kwelikweli, bila mfuko. Uzuri wake ni wepesi. Hatari yake ni kwamba ukipokea kwa mkono mmoja, cha pili kinadondoka kimya kimya na hakuna anayekuambia.

Java kwa miaka mingi ilikutaka uandike darasa zima refu ili tu kubeba vitu viwili. Tangu toleo la 16 la mwaka 2021 kuna rekodi, ambayo unaitangaza kwa mstari mmoja: jina la kasha, na majina ya vyumba vyake. Wazee wa Java walishusha pumzi.

Kwa mpangilio au kwa jina?

Sasa twende kwenye swali ambalo naona vitabu vyetu vinalipita mbio. Fanksheni ikirudisha vitu viwili, anayepokea anajuaje kipi ni kipi?

Dukani hakuna shida. Sukari haifanani na sarafu. Lakini kompyuta mara nyingi inarudisha namba na namba, na namba zote zinafanana. Rudi kwenye kahawa yetu. Fanksheni imerudisha 16 na 40. Mwenzako anayeandika sehemu nyingine ya programu anadhani baki linatangulia, anaandika:

baki, magunia = gawa_magunia(1000)

Programu haitalalamika. Ilichoambiwa ni kwamba cha kwanza kiingie mkono wa kwanza, na cha pili mkono wa pili. Sasa kikundi kina magunia 40 na baki ya kilo 16. Zidisha: 40 mara 60 ni 2,400, ongeza 16, unapata kilo 2,416. Wakulima walioleta kilo 1,000 sasa wanaonekana wana zaidi ya mara mbili yake, na hakuna taa nyekundu iliyowaka popote. Hili ni kosa baya kuliko programu kugoma. Programu ikigoma unajua kuna shida. Hii inaendelea kutabasamu.

Dawa yake ni majina. Angalia ujumbe wa simu unaoupata ukimtumia mtu pesa. Muamala ni mmoja, lakini unarudishiwa vitu vingi: kumbukumbu namba, kiasi ulichotuma, makato, salio lililobaki. Fikiria kama ungeandikwa namba tupu zilizofuatana, 20,000, kisha 600, kisha 3,400, bila neno lolote. Siku ya bumu kuingia tungepigana na mawakala. Kinachotuokoa ni kwamba kila namba imeandikiwa jina lake: hili ni kato, hili ni salio.

Kanuni ninayoitumia mimi ni hii. Vitu viwili ambavyo mpangilio wake kila mtu anaujua, kama jibu na baki, virudishe kwa tupli tu. Vikifika vitatu, simama ufikirie. Vikizidi hapo, viweke kwenye kasha lenye majina.

Watu wa mlima huu wana kasha la namna hiyo tangu zamani, nalo ni stakabadhi ya chama cha msingi. Wachagga waliunda chama cha wapanda kahawa mwaka 1925, na mwaka 1933 ikaja KNCU, ushirika uliounganisha vyama vya vijijini. Mkulima akipeleka kahawa yake kupimwa, harudi nyumbani na namba anayoikariri kichwani. Anarudi na karatasi, na kwenye karatasi kila namba ina mahali pake na jina lake: kilo hizi, bei hii, jumla hii. Karatasi ni moja, majibu ni mengi, na hata akiisoma mjukuu baada ya mwezi hachanganyi kilo na shilingi.

Sifuri ya asiyefanya

Mpaka hapa tumezungumzia majibu yaliyopo. Nije kwenye lile lililonifanya niandike.

Muhula uliopita nilikuwa kwenye mazoezi ya kufundisha katika sekondari moja ya huku mlimani. Ofisi ya taaluma ilikuwa na faili la Excel la kuchakata matokeo, lililorithiwa kutoka kwa walimu waliokwisha kuhama. Unaingiza alama, linatoa wastani, pointi na daraja, kisha unachapa mkeka na kuubandika. Binti mmoja wa Kidato cha Nne alikuwa amelazwa siku ya mtihani wa Hisabati. Faili lilitaka namba kila mahali, na asiyefanya aliwekewa 0. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya, ndivyo lilivyotengenezwa.

Alama zake zilikuwa hizi: Kiswahili 78, Uraia 70, Jiografia 67, Kiingereza 66, Historia 58, Biolojia 50, Hisabati 0. Sasa tupige hesabu kwa viwango tulivyofanyia mtihani sisi wenyewe. A ni kuanzia 75, pointi 1. B ni 65 hadi 74, pointi 2. C ni 45 hadi 64, pointi 3. D ni 30 hadi 44, pointi 4. Chini ya hapo ni F, pointi 5. Masomo saba yanajumlishwa: pointi 7 hadi 17 ni daraja la kwanza, 18 hadi 21 la pili, 22 hadi 25 la tatu, 26 hadi 33 la nne, na 34 na 35 ni sifuri.

Masomo yake sita yana pointi 1, 2, 2, 2, 3 na 3, jumla 13. Ile 0 ya Hisabati ikageuzwa F, pointi 5, jumla 18. Daraja la pili. Angepata hata D, angekuwa na 17, daraja la kwanza. Wastani wake nao ulisomeka 55.6, wakati wastani wa masomo aliyoyafanya ni 64.8. Mkeka ulibandikwa hivyo, na wazazi wakausoma hivyo.

Alikuja ofisini na mwenzake, akasema maneno ambayo mhadhiri yeyote wa kompyuta angeyaandika ubaoni: "Mwalimu, mimi sikupata sifuri. Mimi sikufanya."

Tofauti ndiyo hiyo. Kupata 0 ni jibu. Kutofanya ni kukosekana kwa jibu. Faili lilikuwa na mkono mmoja wa kupokelea, likayaweka yote mawili humohumo, na baada ya hapo hakuna hesabu duniani inayoweza kuyatenganisha tena. Baraza la Mitihani lenyewe halichanganyi mambo haya: kwenye mkeka wa NECTA, asiyetokea kabisa anaandikiwa ABS mahali pa daraja, na aliyefanya akafeli anaandikiwa 0. Hizo ni habari mbili tofauti.

Jibu pamoja na hali yake

Msidhani ni Excel ya shule tu yenye ugonjwa huu. Lugha ya C ina fanksheni ya zamani inayoitwa atoi, kazi yake kugeuza maandishi kuwa namba. Ukiipa maandishi "0", inarudisha 0. Ukiipa maandishi "ABS", ambayo si namba kabisa, inarudisha 0 vilevile. Yule binti na mwanafunzi aliyechemka kweli wanatoka na jibu moja.

Lugha ya Go iliyotangazwa mwaka 2009 ilijifunza hapo. Mmoja wa waliyoitengeneza ni Ken Thompson, aliyekuwa Bell Labs pamoja na Ritchie, kwa hiyo C aliijua toka ndani. Go nayo ina Atoi yake, lakini yenyewe inarudisha vitu viwili: namba, na hali ya kosa. Ukiipa "0" unapata 0 na kosa hakuna. Ukiipa "ABS" unapata 0 na kosa lipo. Anayepokea anaangalia mkono wa pili kwanza kabla hajaamini wa kwanza. Waandishi wa Go wanafanya hivi karibu kila ukurasa, na wengine wanalalamika kwamba inachosha. Inachosha kweli. Lakini inachosha kama kusaini kitabu cha mahudhurio: siku ya ubishi ndiyo utajua faida yake.

Bado kuna mwanya. Go inakuruhusu kuutupa mkono wa pili kwa kuandika mstari mdogo wa chini mahali pa jina, yaani "sitaki kujua". Rust, ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka mwaka 2015, imekaza zaidi. Yenyewe inarudisha kasha ambalo ndani yake kuna ama jibu ama kosa, kamwe si vyote viwili, na huwezi kulitumia jibu bila kwanza kupita mlango wa kuuliza ni lipi. Python nayo ina njia yake: ukiiambia igeuze "ABS" kuwa namba, inasimama na kupiga kelele. Kila lugha na tabia yake, ila zote zinakubaliana kwamba kukosa jibu lazima kusikike.

Kwa Python, fanksheni ya alama ingeweza kuwa hivi:

def soma_alama(maandishi):
    if maandishi == "ABS":
        return None, "hakufanya"
    return int(maandishi), "amefanya"

None kwa Python maana yake "hakuna kitu". Si 0, si nafasi tupu ya bahati mbaya. Ni kusema kwa makusudi kwamba hapa hakuna namba.

Na kwenye lile faili la shule? Hatukuhitaji lugha mpya. Excel ikikutana na maandishi kama ABS ndani ya safu unayotafutia wastani, inayaruka. Ikikutana na 0, inaihesabu. Kwa hiyo hatua ya kwanza ilikuwa kuandika ABS badala ya 0, na wastani wa yule binti ukawa 64.8. Lakini angalia mtego wa pili. Mwanafunzi aliyefanya somo moja tu akapata 90 angekuwa na wastani wa 90 na kuongoza darasa. Wastani peke yake nao unadanganya! Ndipo mwalimu wa taaluma akakubali tuongeze safu nyingine kando ya wastani: idadi ya masomo aliyofanya. 64.8 kwa masomo 6. Kwenye daraja, asiyekamilisha masomo saba anaandikiwa "haijakamilika" mpaka afanye mtihani alioukosa. Hatukumpa daraja la kwanza, maana hakuna anayejua Hisabati angepata ngapi. Tulimpa kilichokuwa kweli siku ile.

Kwa tutakaofundisha

Shule nyingi tutakazopangiwa kompyuta zitakuwa chache, na umeme wakati mwingine utakuwa wa kubahatisha. Somo hili halihitaji kusubiri. Tuma mwanafunzi mmoja nje ya darasa akahesabu madirisha na milango ya jengo, arudi na majibu mawili. Muulize ayataje kama namba tupu, "nane, mbili", kisha waulize wenzake milango ni mingapi. Watabishana. Halafu mtume mwingine akahesabu vitu vilivyo ndani ya chumba ulichokifunga kwa kufuli. Akirudi aseme nini? Akisema "sifuri", darasa zima litakuwa limeiona atoi bila kugusa kompyuta. Akisema "Mwalimu, kumefungwa", mpigieni makofi: amerudisha hali badala ya kubuni namba.

Mwenye kompyuta au hata simu yenye Python ajaribu zoezi hili kabla ya UE. Andika fanksheni inayopokea alama saba za mwanafunzi na kurudisha pointi na daraja kwa pamoja, kwa viwango nilivyoviandika hapo juu. Ijaribu kwa alama zote 100, itoe pointi 7 na daraja la kwanza. Ijaribu kwa alama zote 10, itoe 35 na sifuri. Kisha mpe mwanafunzi mwenye alama sita na ABS moja. Kama fanksheni yako itamtolea pointi na daraja bila kusema lolote, ifute uanze upya.